Saksafoni Niliyoifuta

Vijana wangu, wengi wenu mkija hapa kwangu, mtaa wa Barani mjini Malindi, huniuliza habari za mashine. Mashine gani huifanya sauti iwe nzito, mashine gani huondoa mvumo wa upepo. Mimi huwauliza swali moja kwanza: waya waukunjaje? Wanaojua kujibu ni wachache. Miezi yangu ya mwanzo katika kazi hii sikugusa kitufe hata kimoja. Nilikunja nyaya.

Hiyo ilikuwa Kikambala, kwenye hoteli moja ya ufuoni, nami nimeajiriwa kupanga viti vya ukumbini. Fundi wa sauti alikuwa mtu wa Malindi, Fundi Salim, mpole mpaka umharibie waya. Siku moja aliniona nauzungusha waya kwenye kiwiko, vile mtu akunjavyo kamba ya kuanikia nguo. Akauchukua, akaufungua wote, akaulaza sakafuni.

"Dama, waya una kumbukumbu," akaniambia. "Ukiupinda leo, utakukatikia siku ya harusi ya watu."

Akanionyesha: mzunguko mmoja kwa juu, wa pili kwa chini, mkono ukiufuata waya unakotaka kwenda wenyewe. Nilipoweza kuurusha waya wote ukumbini usifunge fundo hata moja, ndipo akaniruhusu kukaa karibu na mitambo. Katika kazi hii nikakaa miaka thelathini na kitu.

Alinifundisha mengine. Chumvi ya bahari hula maikrofoni, basi kila baada ya kazi tulizifungia ndani ya debe lenye mchele mkavu ili unyonye unyevu. Mara moja mpishi mgeni alilikuta debe lile, asiulize, akaupika ule mchele. Wafanyakazi wote tulikula, na hakuna aliyelalamika ila Fundi Salim, ambaye alikataa katakata kukigusa chakula kilicholala na mdomo wa kila mwimbaji wa pwani.

Na alinifundisha habari ya kanda. Zamani zile kanda ya kaseti ilikuwa na vijino viwili vya plastiki kwenye ukingo wake wa juu. Ukivivunja, hakuna awezaye kurekodi tena juu ya kilichomo. Kanda ikishanasa jambo la maana, Fundi Salim alivivunja papo hapo kabla hata ya kuisikiliza. "Vunja kwanza, ndipo usifu," alikuwa akisema. Somo lile nililijua kwa moyo. Sasa niwaeleze jinsi nilivyolisahau.

Hoteli zilipoanza kuziachisha bendi kazi na kuweka mtu mmoja na kinanda chake, nami niliondoka. Nilirekodi harusi, mahubiri, matangazo ya redio, mwisho nikafungua chumba changu cha kurekodia hapa Barani, nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimeshaanza kuvifunika vyombo kwa shuka, nimechoka, ndipo akaja Mbeyu.

Mbeyu ni msichana wa Matsangoni, mwalimu wa chekechea, na ni msanii wa hip-hop. Aliniamkia shikamoo, akakaa, akanitolea simu yake. Alikuwa amerap kwa Kiswahili na Kigiriama, na mstari wa kwanza niliousikia ni huu: bibi alipanda mkorosho, mjomba akauza kivuli. Nikamwambia arudishe tena.

"Mama, muziki huu wa chini nimeuokota kwenye mtandao," akasema. "Kila msanii anao. Mimi nataka watu. Nataka jazi ya wazee wa hoteli, nataka sauti ya soul, nataka besi ya fanki, na mimi juu yake. Albamu nzima, tupige pamoja chumba kimoja."

"Wazee gani?"

"Mzee Karisa ni jirani yetu. Mama yangu asema alikuwa na saksafoni."

Karisa! Nilikuwa nimefanya naye kazi Kikambala miaka mingi, kila jioni akiwapigia wageni jazi wakati wa chakula. Baada ya hoteli alirudi kwao Matsangoni akashika mikorosho na mbuzi. Tulimwendea na Mbeyu. Alitusikiliza akiwa amesimama, jembe mkononi.

"Jazi, soul, fanki na hip-hop," akarudia polepole. "Hiyo ni albamu au ni pilau?"

"Ni pilau, baba," Mbeyu akajibu. "Lakini kila kiungo kionjeke."

Mzee hakucheka. Akamwambia arap pale pale, bila muziki. Mbeyu akarap ule wa mkorosho. Nilimwona Karisa akigongagonga mpini wa jembe kwa kidole, anahesabu. Msichana alipomaliza, mzee akaniambia mimi, hakumwambia yeye: "Huyu hakimbilii mdundo. Anausubiri." Akaingia ndani kuitafuta saksafoni.

Mwimbaji nilimjua mimi. Bi Zuhura ametoka kwenye familia kubwa ya wafanyabiashara wa mjini Malindi, na aliimba nasi hotelini msimu mmoja tu kabla ya kuolewa. Ukoo wake haukupenda. Aliacha, akalea watoto, akazika mume, na sauti yake tuliisikia kwenye kumbi za harusi za wanawake tu. Nilipomfikia alinipa masharti kabla ya kahawa kupoa: picha yake isiwekwe popote, asikatishwe sala, na sauti yake nisiiguse mpaka aisikilize mwenyewe.

"Nawajua nyinyi mafundi," akasema. "Mwanikata pumzi zangu. Mtu akiimba bila kuvuta pumzi huyo ni maiti."

"Sitakata kitu, Bi Zuhura."

"Niapie."

Nikaapa. Wa mwisho walikuwa Kahindi, mpiga gitaa la besi kanisani, na nduguye anayepiga ngoma. Fanki waliijua kutoka kwa baba yao.

Chumba changu ni kidogo, kwa hivyo nilifanya kama zamani. Magodoro nikayasimamisha baina ya ngoma na wengine, mikeka sakafuni, jokofu la jirani tukamwomba alizime saa za kazi. Feni haiwashwi, kwa sababu maikrofoni huisikia. Bi Zuhura nilimweka kwenye pembe moja, Mzee Karisa pembe ya pili, wakielekeana ili waonane macho. Sauti ya huyu ilivuja kidogo kwenye maikrofoni ya yule. Nyinyi siku hizi mwaogopa uvujaji huo, mwamrekodi kila mtu peke yake kama mahabusu. Lakini watu wasioonana hawawezi kujibizana.

Siku ya kwanza walijibizana kweli, ila kwa ugomvi.

"Baba, piga tena ile ile," Mbeyu alisema.

"Ile gani?"

"Hiyo uliyoipiga sasa hivi. Nataka irudi kila baada ya mistari minne."

"Hiyo imekwenda," akasema Karisa.

"Imekwenda wapi na ndiyo kwanza umeipiga?"

"Nimeshaisema. Nikiirudia nitakuwa nakusomea barua."

Hip-hop yataka kurudia, jazi yakataa. Mbeyu aliona mzee anamdharau, mzee aliona binti anamfanya santuri iliyokwama. Aliyepatanisha ni Kahindi, ambaye alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Akapiga kipande kifupi cha besi, nota sita tu, akakirudia, akakirudia, mpaka Bi Zuhura akaanza kutikisa kichwa. "Mimi nitakaa hapa hapa nyumbani," akasema. "Mzee atembee anakotaka. Mbeyu akipotea asikilize nyumba iko wapi." Ndivyo tulivyopiga nyimbo zote saba.

Wimbo wa tatu ulikuwa ule wa mkorosho. Mpango ulikuwa Bi Zuhura aimbe kiitikio, kisha Karisa apige kidogo, kisha Mbeyu aingie na mistari yake kumi na sita ya mwisho, ambayo alikuwa ameiandika mwezi mzima. Karisa alianza, hakuacha. Mpiga ngoma akaweka vijiti chini akaendelea kwa viganja. Besi ikashuka. Mzee alipiga kama mtu anayeeleza jambo lililompata, polepole, akirudi nyuma kusahihisha, kisha akasema lote kwa mara moja. Mbeyu alisimama kinywa wazi mbele ya maikrofoni yake, zamu ikampita. Karisa alipomaliza aliifuta saksafoni kwa leso, na nikaona damu kwenye leso.

"Meno," akasema. "Ya mbele yamelegea yote. Daktari wa Kilifi ameshaniandikia kuyang'oa. Nilimwomba aningojee wiki hii."

Kwa wasiojua: mpiga saksafoni hushika mdomo wa chombo kwa meno ya juu. Yakitoka, hata ukiwekewa ya bandia, unaanza upya kama mtoto, na Karisa ana miaka sabini na mbili. Alikuwa anajua. Sisi ndio hatukujua. Wiki iliyofuata akang'olewa.

Sasa kosa. Diski ya kompyuta yangu ilikuwa inajaa, na kila ala niliiwekea folda yake, tabia niliyotoka nayo kwenye kanda. Za saksafoni ya wimbo wa tatu zilikuwa mbili. Moja niliiita "Karisa mwisho". Ya pili niliiita "Karisa mwisho kabisa". Chekeni, mna haki. Mojawapo ilikuwa ya jaribio la awali alilolikatiza kwa kukohoa, haina maana. Nikafuta. Nikaondoa na kwenye pipa la taka, mimi ni mtu wa usafi. Kisha nikarekodi matangazo ya mteja siku mbili juu ya nafasi ile. Nakala sikuwa nayo.

Siku ya tatu Mbeyu alikuja tuanze kuchanganya sauti. Nikafungua. Mzee akakohoa.

Nilifungua tena kana kwamba mara ya pili angepona.  Nilimpelekea kompyuta kijana mmoja mjini ajuaye kufufua vilivyofutwa. Alihangaika siku nzima akanirudishia vipande vinavyokwaruza, sekunde chache hapa na pale, havina kichwa wala miguu.

Mbeyu alilia. Alipomaliza akafuta uso akaniambia, "Mama, yuko mpiga saksafoni hoteli moja ya Watamu. Tumpe avisikilize hivi vipande, aige. Mzee masikio yake si mazima. Hatajua."

Niwaambie ukweli, nilifikiri. Nilifikiri kutwa nzima. Nilikuwa na jina katika kazi hii, na jina la mwanamke fundi hujengwa taratibu na kuvunjwa kwa siku moja. Lakini Karisa angejua kwa nota ya kwanza. Na hata asingejua, mimi ningejua kila nikimwamkia.

Nikaenda Matsangoni peke yangu. Alikuwa ameketi kibarazani, mashavu yameingia ndani, hajazoea kinywa kipya. Nikamwambia lote wima, sikuanza na hali ya mbuzi. Sikumtajia kompyuta iliyojaa. Nilimwambia, "Niliifuta mimi."



"Dama," akasema, maneno yakimteleza kwa kukosa meno, "umenisikia nikipiga miaka mingapi?"

"Mingi."

"Miaka yote hiyo nimewapigia watu wanaokula. Vijiko, sahani, mtu anaita bia. Siku moja katika maisha yangu nimepiga chumba kimetulia. Na hiyo ndiyo umeifuta."

 Akainuka akaingia ndani, akaufunga mlango, si kwa kishindo. Ingekuwa kishindo ningefarijika.

Nilirudi nikamwambia Mbeyu kwamba wimbo wa tatu haupo. Albamu itakuwa na nyimbo sita. Alikubali bila kuniangalia.

Siku chache baadaye Bi Zuhura akaja kudai haki yake ya kuisikiliza sauti yake kabla ya mtu kuigusa. Habari za saksafoni alikuwa nazo, mji mdogo huu. Akavaa hedifoni juu ya mtandio, nikamfungulia maikrofoni yake peke yake, wimbo baada ya wimbo. Hapa alinung'unika, hapa akaridhika. Wa tatu nikataka kuupita.

"Kwani huu si nimeimba?"

"Umeimba, Bi Zuhura, lakini hautoki."

"Nisikilizishe. Niliimba kwa jasho langu."

Nikamwekea. Kiitikio kikaisha. Nilinyoosha mkono nizime, akanishika kifundo.

"Ngoja. Huyu si Karisa?"

Nikamvua hedifoni karibu kwa nguvu, Mungu anisamehe. Maikrofoni yake ilikuwa wazi muda wote. Ameketi pembeni akiwa hana la kuimba, akimwelekea Karisa, na kila nota ilimfikia. Fundi yeyote, mimi wa kwanza, angekuwa ameshakata ukimya ule wa mwimbaji siku ile ile ya kurekodi, kwa kuwa ndiyo desturi: asipoimba, unasafisha. Ya Mbeyu niliisafisha hivyo; yake sikuisafisha kwa sababu aliniapisha.

Haikuwa safi. Saksafoni ilikuwa mbali, kama iko chumba cha pili mlango wazi. Bangili za Bi Zuhura zililia mara mbili. Pumzi zake zinasikika. Na pale mzee aliposema lote kwa mara moja, Bi Zuhura anasikika akisema kwa sauti ya chini, "Ee."

Hapa sikilizeni nyinyi wa mashine. Sauti iliyo mbali haisogezwi karibu. Ukiipandisha, unapandisha na chumba kizima. Kinachowezekana ni kuwarudisha wengine nyuma. Ngoma niliiondoa kabisa, nikabakiza ile iliyovuja. Besi ya Kahindi nikaishusha mpaka ikawa inahisiwa zaidi ya kusikika. Bado haikutosha, maana baada ya saksafoni ilikuwa inakuja ile mistari kumi na sita ya Mbeyu, tuliyoirekodi siku ya pili yake, mdomo karibu na maikrofoni, sauti kali, na kila ilipoingia ilimfanya mzee aonekane mdogo. Nilijaribu kuipunguza, nikaizungusha huku na huku. Mbeyu alikuwa amekaa nyuma yangu.

"Itoe," akasema.

"Ni mistari yako bora ya albamu nzima."

"Najua. Itoe, wimbo uishe na mzee."

Nikaitoa. Siku ile ndiyo niliyoamini kwamba binti huyu ni mwanamuziki.

Tulikwenda wawili Matsangoni na spika ndogo. Karisa alitupokea kwa adabu, si zaidi ya adabu. Mbeyu akaweka spika juu ya kinu kilichopinduliwa, mkewe Karisa akaacha kupepeta akasogea. Nilimweleza kwanza tulichokipata na mahali kilipotoka, ili asidhani namdanganya. Kisha tukauweka wimbo.

Aliusikiliza ameinamisha kichwa, vidole vikibonyeza goti kana kwamba lina vitufe vya saksafoni. Mara moja alikunja uso. Alikuwa amekosea nota, nami nilikuwa sijawahi kuisikia mpaka aliponionyesha kwa uso wake. Wimbo ukaisha.

"Ile uliyofuta ilikuwa bora," akasema.

"Ilikuwa bora."

"Hii iko mbali."

"Iko mbali, Karisa. Siwezi kuisogeza."

 Kisha akauliza, "Nani huyo anayesema ee?"

"Bi Zuhura."

"Alimwambia nani?"

"Hakumwambia mtu. Alikuwa akikusikiliza wewe."

Aliomba turudishe. Tukarudisha mara ya pili, na ya tatu, na kila ilipofika pale aliinua kidole kidogo kabla, kuonyesha kwamba inakuja. Mkewe akacheka. Mwisho akaniuliza kama majina ya wapigaji yataandikwa kwenye jalada. Nikamwambia yataandikwa, kila mtu na ala yake.

"Basi kwenye wimbo huu andika mimi saksafoni," akasema, "na yeye muandike alichokifanya."

Ndivyo ilivyochapwa, na hadi leo watu hunipigia simu kuniambia kuna kosa la uchapaji kwenye wimbo wa tatu. Besi, Kahindi. Ngoma, nduguye. Saksafoni, Karisa. Msikilizaji, Bi Zuhura.

Nilipompelekea mwenyewe nakala yake aliisoma kwa miwani, akaisoma tena, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Dama mwenzangu," akasema, "nimemsikiliza baba, nimemsikiliza mume, nasikiliza wanangu na wakwe zangu. Leo ndiyo kwanza naandikwa jina."